Ndago na Haki ya Kukaa

Liko swali ambalo wenye elimu ya falsafa hulizungusha kwa maneno mazito, lakini kila mwenye jembe hulijibu asubuhi bila kufikiri: ni kitu gani kinachompa kiumbe haki ya kukaa mahali alipo? Mkulima anainama shambani. Mkono wake unaupita mche wa mhindi na kuung'oa mche ulioota kando yake. Miche yote miwili ni mibichi, yote imeota kwa mvua ile ile, na wala hakuna uliomkosea mtu. Hata hivyo mmoja umebaki, na mwingine umetupwa juani. Hukumu hiyo tunaiita palizi, na haikatiwi rufani.

Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeitumia katika ualimu, na miaka ya mwisho kabla ya kustaafu nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Katika somo la kilimo tulikuwa tukiwafundisha wanachuo kwamba gugu ni mmea ulioota mahali usipotakiwa. Fasili hiyo ni fupi, haisahauliki upesi, na humpatia mtahiniwa alama zake. Lakini ukiitazama kwa makini utaona kuwa ina mlango ulioachwa wazi. Usipotakiwa na nani? Na huyo asiyeutaka ameulizwa sababu? Maadam fasili haisemi, kila mtu huingia kwa mlango huo na kutoka na gugu lake mkononi.

Nataka kulichunguza swali hilo kwa kutumia mmea mmoja ambao wakulima wetu wanaujua sana, nao ni ndago. Nimeuchagua kwa sababu ni nadra kuupatia mtetezi. Tena jamaa zake wadogo wamekuwa wakiufunika uwanja wangu kwa miaka kadhaa sasa, jambo ambalo limeniletea mjadala nyumbani na kwa jirani.

Kwanza tuijue vizuri. Watu wengi huihesabu ndago kuwa ni nyasi, lakini si nyasi. Chukua shina lake ulizungushe baina ya vidole, utahisi pembe tatu. Shina la nyasi aghalabu ni la mviringo, lina vifundo, na mara nyingi lina uwazi ndani. Majani ya ndago hujipanga kwa safu tatu, na yale ya nyasi kwa safu mbili. Ukoo wake ni mkubwa mno: duniani kuna spishi zaidi ya 5,000, na yale mafunjo marefu ya kandokando ya maziwa na mito yetu, ambayo Wamisri wa kale waliyatengenezea karatasi, ni ndugu zake.

Ndago mashuhuri, ile yenye maua ya hudhurungi yanayoelekea zambarau, wataalamu huiita Cyperus rotundus. Chini ya ardhi ina viazi vidogo vyeusi vyenye harufu ya manukato, vilivyounganishwa kwa nyuzi kama shanga. Hapo ndipo ilipo siri ya ukaidi wake. Uzi ukiwa mzima, viazi vingi hulala. Ukiukata kwa jembe, vile vilivyolala huamka na kuota. Ndiyo maana mtu hupalilia leo, na baada ya wiki chache hukuta ndago nyingi kuliko zile alizozikata. Mwaka 1977 wataalamu walitoa kitabu juu ya magugu mabaya kuliko yote duniani, na ndago hii wakaipa nafasi ya kwanza.

Msomaji atasema basi kesi imekwisha. La, haijaisha. Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa ukoga mgumu uliogandamana kwenye meno ya watu waliozikwa zamani sana mahali paitwapo Al Khiday, karibu na Nile Nyeupe nchini Sudani. Waligundua kwamba watu wa pale walikuwa wakila viazi vya ndago hii hii kwa maelfu ya miaka, kabla hawajajua kilimo na hata baada ya kukijua. Isitoshe, meno yaliyooza yalikuwa machache, na watafiti waliona kuwa yamkini ndago yenyewe ilisaidia, kwa kuwa ina uwezo wa kuzuia vijidudu vinavyoozesha meno. Huko India viazi vyake hutolewa mafuta ya manukato mpaka leo. Kwa hiyo mmea ule ule umekuwa chakula, umekuwa uturi, na umekuwa adui namba moja. Ndago haikubadilika. Kilichobadilika ni haja ya yule aliyekuwa akiitazama.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba gugu ni jina tu, na kwamba kila mtu na lake. Mtu ambaye tuta lake la mchicha limemezwa na ndago hana maoni, ana hasara. Ninachosema ni kuwa jina la gugu halielezi tabia ya mmea peke yake. Linaeleza uhusiano kati ya mmea, mahali, na watu waliopo mahali hapo. Na uhusiano hauwezi kuhukumiwa kwa kusoma jina kwenye orodha.

Tuje sasa uwanjani. Katika sehemu nyingi za nchi yetu uwanja wa heshima ni uwanja mtupu. Hufagiliwa alfajiri mpaka zikabaki alama za fagio, na mgeni akipita hujua kuwa nyumba hii ina watu. Sababu zake si za kipuuzi. Penye uwanja mtupu nyoka huonekana, watoto hucheza, mahindi huanikwa, na msiba ukitokea watu hupata pa kuketi. Desturi hii naiheshimu, maana nimelelewa ndani yake.

Lakini fagio la chelewa halichagui. Likiondoa jani huondoa na vumbi, na vumbi hilo ndilo udongo wa juu. Ukitembelea shule kongwe zilizojengwa kwenye miteremko, tazama chini ya kuta. Utaona mawe ya msingi, yaliyokusudiwa kukaa ardhini, yakiwa nje. Utaona miembe imesimama juu ya mizizi yake kama mtu aliyesimama kwa ncha za vidole. Hakuna mwizi aliyeuchukua udongo huo. Uliondoka kidogo kidogo, asubuhi kwa fagio na alasiri kwa mvua, na kila aliyeufagia alisifiwa kwa usafi. Na wala haukupotea angani. Ulishuka kwa wa chini: ukajaza mfereji wa fulani, ukafukia bustani ya fulani, ukaingia mtoni. Usafi wa wa juu ukawa uchafu wa wa chini.

Taifa letu liliwahi kuliona jambo hili kwa kipimo kikubwa. Kule Kondoa ardhi ilikuwa imeliwa na makorongo kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa jina la HADO. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika sana. Ardhi ilipopumzishwa, majani na vichaka vilirudi vyenyewe katika sehemu nyingi. Funzo la kwanza ni kwamba udongo ukiachiwa nafasi hujivika nguo. Funzo la pili, ambalo halisemwi mara nyingi, ni kwamba gharama ya nguo hiyo waliilipa wafugaji walioambiwa waondoe ng'ombe wao. Kila kifuniko cha ardhi kina mtu anayekilipia.

Nyumba niliyostaafia iko Morogoro, penye mteremko, chini ya milima ya Uluguru. Chini ya mwembe wangu, mahali ambapo nyasi za kununua zilikuwa zikifa kwa kukosa jua, iliota yenyewe aina ya ndago ndogo isiyopita kifundo cha mguu, yenye vichwa vyeupe vya duara kama shanga. Ni ya jamii ambayo wataalamu huiita Kyllinga, na spishi zake nyingi ni za Afrika. Shina lake la chini hutambaa karibu na uso wa udongo na kufumana kama ukili, wala haliachi viazi ardhini. Masika yalipofika niliyagawa mashina na kuyapanda shibiri moja moja kuelekea chini. Misimu miwili ikapita, uwanja ukawa umefunikwa. Sinyweshi maji ila kiangazi kikizidi, na hufyeka mara chache kwa mwaka. Mvua kubwa ikinyesha, maji yanayotoka mwisho wa kiwanja changu hayana tena rangi ya chai ya maziwa.

Hapo ndipo mjadala ulipoanza, na nimeona kuwa kila aliyezungumza nami alikuwa na jibu lake kwa lile swali la haki ya kukaa.

Jibu la kwanza ni la mwanangu, anayeishi mjini. Alipokuja likizo alitembea uwanjani akitikisa kichwa. "Baba," aliniambia, "siku hizi watu wanaweka pevingi. Hutateleza, nyoka hatajificha, na nyumba itaonekana nyumba." Alizungumza kwa mapenzi, nami sikuyabeza. Mtu aliyepita miaka 70 akianguka, haanguki peke yake. Huanguka na wanawe. Lakini jibu lake linasema kwamba kinachostahili kukaa ni kile kinachopendeza macho ya mpita njia. Nyumba njema si mlango. Vitofali vya saruji havinywi maji kama udongo uliovaa majani. Maji ambayo ardhi yangu ingeyameza yatakwenda mbio, na yakienda mbio yana mahali yanakwenda. Nilimpeleka mwisho wa kiwanja, nikamwonyesha matuta ya mchicha yaliyo chini yetu, nikamwambia, "Pevingi yako itapendeza hapa, na mafuriko yake yatakuwa pale."

Jibu la pili nililipata kwa mwanafunzi wangu wa zamani, msomi wa mambo ya mazingira. Yeye alifurahi mno. "Mwalimu, hii ni mimea ya kwetu," alisema. "Mmea wa asili una haki kuliko nyasi za kuletwa." Alinieleza kuwa hata Marekani, katika majimbo ya mashariki, watunza bustani wengi siku hizi hupanda chini ya miti ndago za kwao za jamii ya Carex, kama vile Carex pensylvanica, badala ya nyasi zenye asili ya Ulaya zinazotaka maji mengi na kukatwa kila wiki. Wanafanya vizuri, na mfano wao unatufaa. Mmea uliozoea udongo na mvua za mahali kwa karne nyingi aghalabu hudai kidogo na hulisha wadudu na ndege wa mahali pale.

Lakini uenyeji ni ushahidi tu. Hukumu bado haijatoka. Tazama ile ndago yenye viazi. Huku Afrika ni mwenyeji. Marekani ni mgeni. Ingekuwa uenyeji ndio unaotoa haki, mkulima wa huku angeivumilia na wa kule angeichukia. Kumbe wote wawili huitupa juani kwa hasira ile ile. Na mhindi, ambao mkulima wetu huupita kwa heshima anapopalilia, asili yake ni Amerika. Tungefuata uenyeji peke yake tungeng'oa chakula na kubakiza njaa.

Nalikawilia jambo hili kwa sababu halikomei bustanini. Nimewahi kusikia mtu akiambiwa "wewe si wa hapa", na anayemwambia ni mtu ambaye hajapata kushika koleo siku ya kuzibua mfereji wa mtaa. Uenyeji wake ulikuwa wa kuzaliwa, wala hakuutolea jasho. Vilevile katika vyumba vya walimu nimesikia watoto wakiitwa magugu kwa sababu ya kijiji walichotoka au kabila la wazazi wao, hata kabla hawajafungua daftari. Hukumu ya jina ni nyepesi. Haimgharimu hakimu chochote. Hukumu ya matendo ni nzito, maana humlazimu ainame atazame.

Jibu la tatu lililetwa na jirani yangu wa chini, mwenye ile bustani ya mchicha. Ni mama anayeishi kwa mboga: mchicha, figiri na matembele, ambayo huyabeba sokoni kabla jua halijachomoza. Sare, madaftari na nauli za watoto wake hutoka katika matuta yale. Siku moja alipiga hodi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimekuja na shida, Mwalimu, usinifikirie vibaya. Watu wananiambia umepanda ndago. Ikishuka kwangu, mimi nitakula nini?"

Katika mazungumzo yote yaliyofanyika juu ya uwanja ule, hilo ndilo lililokuwa na uzito kuliko yote. Mwanangu alizungumzia sura, msomi wangu alizungumzia asili. Huyu alizungumzia chakula. Ningeweza kumjibu kuwa kiwanja ni changu na hati ninayo. Ningeweza pia kumpa mhadhara juu ya Kyllinga, naye angenisikiliza kwa adabu na kuondoka na hofu yake. Milima iliyo juu yetu ina habari ya namna hiyo. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Uluguru wachimbe matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko. Udongo ulihitaji kuzuiwa, hilo ni kweli, lakini matuta yalileta juu udongo usio na rutuba, na kazi yake ilikuwa ngumu isiyo na malipo. Mwaka 1955 ghasia zilizuka, na mpango ukaachwa. Jambo jema lisilopata ridhaa ya anayelibeba huwa kama mzigo uliofungwa kwa kamba mbovu.

Basi tulikwenda sote chini ya mwembe. Nilimpa kijembe achimbe mwenyewe mahali apendapo. Alichimba mara nne, akapekua mizizi kwa vidole vya mtu anayeijua kazi, asione kiazi hata kimoja. Kisha akateremka kwenye mpaka, akainama, akang'oa shina lenye maua ya hudhurungi. Chini yake kilining'inia kiazi cheusi. "Na hii, Mwalimu?" Ilikuwa ile ndago yenyewe, ya namba moja. Sikuipanda mimi wala yeye, lakini ilikuwa ndani ya mpaka wangu.

Tulikubaliana mambo matatu. Ndago ile yenye viazi nitaichimbua, uzi kwa uzi, na kurudia kila inapoota, maana haimalizwi kwa siku moja. Pili, upana wa hatua mbili mpakani tutapanda matembele, kwa kuwa ndago haipendi kivuli na majani ya matembele huifunika; atakayeyachuma ni yeye. Tatu, ana ruhusa ya kuingia uwanjani kwangu siku yoyote, niwepo nisiwepo, na kukagua. Akiona kitu kinachomtia shaka, atakichimba kwanza na kuniuliza baadaye.

Nimeyafikiri sana makubaliano hayo, na naona ndimo lilimo jibu nililokuwa nikilitafuta. Ile ndago ndogo yenye vichwa vyeupe haikupata haki ya kukaa kwa kuwa ni nzuri, maana uzuri wake ni wa wastani. Haikuipata kwa kuwa ni ya asili, maana ile mbaya nayo ni ya asili. Iliipata kwa sababu inashika udongo ambao ungemwangukia mtu mwingine, na kwa sababu mtu huyo, ambaye ndiye angeumia, alipewa nafasi ya kuipima kwa mkono wake. Kwa maneno mengine, haki ya kukaa mahali inatokana na ujirani. Anayekaa na aonekane anabeba nini, anadhuru nani, na aliye chini yake awe na sauti katika kesi. Na haki hiyo haitolewi mara moja ikaisha. Hukaguliwa kila msimu.

Kipimo hicho kikikubaliwa, hakimwachi mwenye nyumba nje. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema kuwa ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, iliyo mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya raia wote. Hati niliyoifungia kabatini hainipi udongo; inanipa haki ya kuukalia na kuutumia, kwa muda usiozidi miaka 99, tena kwa masharti. Kwa hiyo mbele ya ardhi ile mimi na ndago yangu tuna cheo kimoja. Sisi sote ni wakaaji. Tofauti yetu ni kwamba yeye hawezi kuulizwa, na mimi naweza.

Siku zangu za kuulizwa zinapungua, na mwanangu ndiye atakayerithi. Yamkini ataweka pevingi. Ana miguu yake ya kutunza, na ana macho yake. Sikumwekea katazo, kwa kuwa katazo la marehemu huvunjwa kabla ya arubaini. Nimemwomba jambo moja tu: kabla fundi hajamwaga toroli la kwanza la mchanga, ateremke kwa jirani, apige hodi, amweleze anachokusudia, kisha anyamaze amsikilize.